Bwana Harusi Amejifungia Bafuni

"Toka."

"Naoga."

"Mbona sisikii maji? Unaoga na nini, mawazo?"

Bi Saa alisimama nje ya mlango wa bafu alimojifungia bwana harusi, shati jeupe lililotoka kupigwa pasi likining'inia mkononi mwake, akatega sikio. Kifuniko cha choo kililia. Amekaa. Mtu akikaa hapo na nguo zake, kinachomsumbua si tumbo.

Jina la Bi Saa alipewa ghalani. Alisimamia ghala la dawa mpaka juzijuzi alipostaafu, na miaka yote hiyo hakuna mzigo uliowahi kulala langoni kwake. Huu nao usingelala.

Maana alikuwa na haja yake. Tangu azaliwe hajawahi kuishi peke yake: ametoka kwenye nyumba ya ndugu wengi akaingia bweni la chuo, na kutoka bwenini akaingia kwenye kelele za familia. Sasa watoto walishaoa na kuolewa, kila mmoja ana kwake. Mume hakuwa naye tena, wala hakumlilia. Alibaki huyu mmoja, chumba cha nyuma, "mpaka nijipange," kama alivyosema mwaka juzi alipohamia humo na begi lake. Kujipanga kwenyewe kukawa ni kula, kulala, na kuuliza soksi ziko wapi.

Mchumba alimtafutia yeye. Mfamasia, mjane, sauti ya upole na msimamo wa nondo, na zaidi ya yote anaishi upande wa pili wa mji. Bi Saa alimtuma bwana huyu kwenye duka lake kununua dawa ya kikohozi. Kikohozi kikaisha, safari zikaendelea.

"Suti inanibana," sauti ilisema kutoka ndani.

"Jana ilikutosha."

"Ile ya zamani haina tatizo. Nimeivaa mara moja tu."

"Ile imeshatia watu hasara ya kutosha. Utavaa hii."

Simu ikalia. Alikuwa bibi harusi.

"Shikamoo. Sisi tumefika kwa msajili. Nyie mko wapi?"

"Marahaba. Tuko njiani," alisema Bi Saa, akiwa amekaa kwenye stuli ya koridoni, kandambili miguuni.

"Ameingiwa na woga, siyo?"

"Huyu? Anaimba."

"Basi mwambie mimi nimemwaga chai mara mbili."

Bi Saa akazidi kumpenda. Alikata simu, akaugeukia mlango.

"Mwenzio kamwaga chai mara mbili."

"Ameghairi?"

"Aliyekaa chooni ni wewe. Yeye kavaa, kafika, anasubiri."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Kwake sijui hata swichi ya taa iko wapi."

"Utapapasa ukuta kama binadamu wenzako."

"Na akinichoka?"

Swali hilo lilikuwa na majibu mengi, yote ya kweli, na hakuna hata moja la kumwambia mtu asubuhi ya harusi yake.

"Osha kikombe chako," alisema mwishowe. "Ukiulizwa jambo, jibu. Usinune siku mbili kwa kosa la dakika moja. Hapo mtachelewa kuchokana."

"Na nikiamua kubaki?"

Bi Saa alilitundika shati kwenye msumari. Kubembeleza hakukuwa fani yake, na leo alikuwa ameshabembeleza kupita kiwango.

"Jioni fundi anakuja kubadilisha kitasa. Umeoa, hujaoa, ufunguo utakuwa mmoja, na utakuwa wangu."

Bi Saa akasikia miguu ikiburuzwa sakafuni, ikaja ikasimama upande wa pili wa mbao. Walitenganishwa na unene wa mlango tu.

"Na wewe je? Utabaki na nani?"

Hilo hakulitegemea. Alitazama koridoni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi. Alishapima ukuta wake kwa macho mara nyingi: kiti kimoja kipana, dirisha, na mtu mmoja wa kuamua lifungwe au liachwe.

"Nitabaki na mimi," alisema. "Sijawahi kukaa naye. Nasikia ni mtu mzuri."

Kitasa kikazunguka. Bwana harusi akatoka, povu la kunyolea bado sikioni, macho mekundu kidogo. Bi Saa alimfuta kwa ncha ya taulo, akamvisha shati, akamfunga tai. Bwana huyo hakuwahi kujifunza kufunga tai. Hata siku ya usaili wa kazi yake ya kwanza, mikono iliyomfungia ilikuwa hii hii. Kisha akamwingiza kwenye gari, akaufunga mlango, na akaendesha yeye mwenyewe, akipiga honi kama mtu aliyebeba mja mzito.

Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na gauni la bluu. Alipomwona bwana harusi, alimshika kiwiko. Mabega ya mwanamume yakashuka. Bi Saa aliliona hilo, akashusha pumzi, akaingia ofisini kukaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Msajili, kijana mwenye miwani, alipanga makaratasi yake, akainua kichwa na kumtabasamia.

"Mama wa bwana harusi, sogea basi usimame na mwanao."

Bi Saa hakuinuka.

"Mimi si mama yake, mimi ni mtalaka wake," alisema. "Endelea, mwanangu, kabla hajaghairi."