Yai la Emil Kovarik

Emil Kovarik aliliopoa yai kwenye maji yanayochemka, akalipuliza, akaliweka kwenye bakuli kando ya jiko, kisha akaenda kukamua ng'ombe huku akicheka peke yake. Mashindano yalitaka yai bichi, lirushwe kwa roketi na lirudi zima. Lakini yai bichi lilikuwa limemwaibisha miaka mitatu mfululizo mbele ya Nebraska nzima. Mwaka huu, potelea mbali!

Yote yalianzia kwa kinyozi. Akisubiri zamu yake, Emil aliokota gazeti lililochakaa, lenye hadithi ya watu waliohamia Mirihi na ng'ombe wao. We! Alisahau hata kunyolewa. Tangu siku hiyo meza ya chakula ikajaa hadithi za sayari na roketi za karatasi ngumu, pa kuweka sahani hakuna.

"Mtu mzima hovyo!" mkewe, Vlasta, alikuwa amemwambia. "Safari hii ukishindwa, nachoma vyote. Magazeti, roketi, na hiyo kofia yako ya mwanaanga." Na Vlasta hakuwa mtu wa kutisha bure.

Uwanjani, Bi. Odell, mwamuzi, aliligeuzageuza yai, akaligonga muhuri. Emil akalitia kwenye kichwa cha roketi.

"Tatu! Mbili! Moja!"

Fyuuu! Roketi ikapanda mpaka watu wakashika kofia. Emil akarukaruka kwa raha, miaka hamsini na kitu yote ikamtoka mwilini. Kisha mwavuli wa kuishushia ukafunguka nusu tu, roketi ikashuka puu kwenye nyasi.

"Pole, Kovarik!" jirani yake akamtania. "Tuletee mkate, tule mayai ya kuvuruga!"

Emil akafungua. Yai zima, halina hata ufa! Ya wenzake yote yalikuwa yameshapasuka. Bi. Odell akamnyanyua mkono, na Emil akamkumbatia jirani, akacheza polka bila muziki.

"Haya, leteni kikaango!" akasema Bi. Odell. "Mshindi anakaanga yai lake, tunaona sote."

Emil akarudi nyuma hatua moja. Desturi hiyo hakuijua. Kila mwaka aliondoka na hasira zake kabla jiko halijawashwa. Sasa watu walikuwa wamemzunguka, Vlasta akiwa mbele yao, pa kukimbilia hapana. Akafumba macho, akaligonga yai kwenye ukingo wa kikaango.

Chaaa! Ute ukatandaa, kiini kikatulia katikati, kibichi kabisa. Watu wakashangilia.

Emil akamgeukia mkewe, mdomo wazi. Vlasta alikuwa ameduwaa kuliko yeye.

"Lile lako nimelila asubuhi, mwizi wewe," akanong'ona, "nikakuwekea bichi. Hata kiberiti nimekuja nacho."