Kosa la Aliyegonga

Aliyegonga ndiye aliyekuwa amekalia funguo za aliyegongwa. Alizichomoa kupitia dirishani wakati mwenyewe ameshuka kutazama taa, akapanda juu ya boneti ya kigari chake cha kahawia, akazibana chini ya mapaja na kukunja mikono. Nyuma yao foleni ilipiga honi mpaka masikio yakauma.

Mkaguzi wa bima alifika kwa miguu, ofisi yenyewe ikiwa mtaa wa pili tu. Alipomwona ni nani aliyepiga simu, hasira zilimpanda. Huyu tena!

Mwaka jana mama huyu aliwakosesha raha pale ofisini: mara kaibiwa gari lake la kijani, mara anamtaka meneja, mara kaangua kilio mapokezi. Mkaguzi alimwandikia kwamba hana chake, huenda gari kaliuza mwenyewe, na mlinzi akamtoa nje. Siku hizi anafua mashuka ya hospitali na kuyasambaza kwa hicho kigari. Akifutiwa bima, kazi ya hospitali itakwenda kwa mwingine. Mkaguzi alilijua hilo, na moyo ulimchekelea.

"Umemgonga mtu kwa nyuma, dada. Kwa nyuma! Hata mtoto wa chekechea anajua kosa ni la nani."

"Sijakuuliza kosa ni la nani. Nimekuita uje uandike."

"Basi shuka, wenzio wapite."

"Sishuki mpaka trafiki aje."

Mwenye gari jeupe, bwana mmoja wa miwani myeusi na shati lililopigwa pasi likakubali, alikuwa mpole kupita kiasi. Taa yake ya nyuma ilikuwa imepasuka, rangi nyeupe imechubuka na kijani kinachungulia chini yake. Hata hivyo alitabasamu.

"Mimi nimeshamsamehe, kaka. Taa nitanunua mwenyewe. Tena mama, kama na wewe umeumia bampa, chukua hizi ukatengeneze." Akatoa noti.

"Zirudishe mfukoni," mwanamke alisema. "Na usinisogelee."

Watu wakaguna. "Mama, umesamehewa na bado unanuna?"

"Huyo anatafuta mume, si bima!" mwingine alidakia, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Fundi viatu wa pale kwenye kona akamvuta mkaguzi pembeni. "Nimeona kwa macho yangu haya. Kamgonga taratibu, yule bwana akawa anajiendea zake. Kamfuata, kamgonga tena! Huyo mama ana lake jambo."

Mkaguzi nusura apige vigelegele. Makusudi! Ajali ni ajali, bima hulipa; lakini makusudi hailipi, na mteja hufutwa. Alirudi kwenye boneti kifua mbele.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama. Tulikunyima mwaka jana, leo umekuja kulipiza kwa mtu asiye na hatia. Umemgonga kwa makusudi, sivyo?"

"Kwa makusudi. Mara mbili. Andika."

"Unajua kwamba unajichimbia kaburi?"

"Andika, nitie sahihi."

Akaandika, mwanamke akatia sahihi juu ya goti lake. Mkaguzi alishaanza kupanga jinsi atakavyowasimulia wenzake ofisini.

Bwana wa miwani alitazama saa, akatazama barabara. "Jamani, nina mgonjwa nyumbani. Gari libaki hapa, nitalifuata baadaye." Akapunga mkono, pikipiki ya abiria ikasimama.

Hapo ndipo mwanamke alipopiga ukelele. "Mzuieni! Asiondoke!"

Vijana wawili walisogea, lakini mkaguzi alinyoosha mkono mbele yao. "Mwacheni mtu wa watu akamtazame mgonjwa wake. Gari umemharibia, siku yake nayo unataka kuiharibu? Huna hata haya!" Watu wakapisha njia, wengine wakimpa pole. Pikipiki ikakata kona na kupotea.

Mwanamke alimtazama kwa chuki ambayo mkaguzi hakuwahi kuonyeshwa na mtu yeyote, naye akaifurahia.

Trafiki alitokea akihema, shati limemganda mgongoni. Akazunguka gari la kwanza, akazunguka la pili, akafungua daftari.

"Haya, tuanze na wenyewe. Mama, kati ya magari haya mawili, lako ni lipi?"

Mwanamke akashuka kwenye boneti, akakung'uta sketi yake.

"Yote mawili," alisema.