Rundo la Kadi

Kwenye zahanati ile kila mgonjwa akifika huweka kadi yake juu ya rundo mezani, na karani Mhando huita kuanzia juu. Kwa hiyo majirani, waliokuja wa mwisho, huingia kwanza. Watu wa machimboni, waliotembea tangu alfajiri, hungoja hadi dawa ziishe.

Muuguzi Sikudhani alikuwa amerudi siku iliyotangulia kutoka kwenye mafunzo ya uongozi wa afya. Alilichukua rundo, akaligeuza.

"Semina ya wiki mbili ndiyo imekufanya bosi wetu?" Mhando alifoka.

"Ita, kaka."

"Lirudishe!" majirani walipiga kelele. "Hao waje na kikohozi chao watupite sisi?" Mmoja alimsukuma bega.

Mwanamke mzee mwenye mguu uliovimba alijikokota hadi mezani.

"Sikudhani, kadi ya juu ilikuwa yangu."

"Nimeiona, mama."

"Mimi niliyekuzaa?"

 Sikudhani alilikandamiza rundo kwa viganja vyote viwili. Kadi ya juu sasa ilikuwa imekunjamana, imelowa umande. Mhando alilitazama jina lililoandikwa pale. Kule nyuma, mwanamke wa machimboni aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa ameshasimama kabla ya kuitwa.