Nyuma ya Jabali

Shaista alizunguka jabali ili abadilishe nguo, akamkuta mwanamke amejikunyata na mtoto kifuani, wote wameloa chapachapa. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa chumvi.

Mwanamke akaweka kidole mdomoni.

Shaista na mumewe walikuwa wametoka Iringa kuja kupumzika kwenye kisiwa hiki cha Ugiriki, katika ufukwe usiofikiwa na mtu. Njiani mwenye boti alijisifu kwamba akiwaona wakimbizi huwaita polisi papo hapo.

"Shaista, mbona kimya?" mumewe aliita. "Mimi na mwenye boti tunakuja huko kwenye kivuli."

Shaista alivua mtandio, akamfunika mtoto, akamwachia mama yake chupa ya maji.

"Msije jamani! Bado sijavaa!"

Ndipo mtoto akakohoa.