Miyaa Miwili

"Nimeshindwa, Mama. Kesho namwambia mwalimu nimeacha fizikia," alisema Rukia, akiusukuma mbali mchoro wa lenzi mbinuko.

Bi Mgeni aliweka chini ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka kwa majani ya miyaa, akavaa miwani ya kusomea aliyopewa kwenye kisomo cha watu wazima. Katika mchoro, mwale ulipinda kwenye lenzi, ukashuka hadi mstari wa katikati, ukaishia hapo.

"Mbona umeukata?"

"Si umeshafika katikati?"

"Nami nikiukata mwaa katikati, utalalia mkeka gani, bibi wee?"

Rukia alicheka bila kupenda. Mama yake akachomoa miyaa miwili. Mmoja akaulaza juu ya mwale ule, akaupitisha ng'ambo ya mstari. Wa pili akaunyoosha kutoka pale pale mwale ulipoanzia, kupitia kitovu cha lenzi. Miyaa ikakutana chini ya mstari.

"Ina maana kichwa cha picha kitakuwa chini?" aliuliza Rukia.

"Chukua daftari lako, ukasimame juani, hapo mbele ya mlango."

Bi Mgeni alivua miwani, akaielekeza mlangoni, akaisogeza taratibu kutoka ukutani. Kwenye chokaa nyeupe ya ukuta akajitokeza Rukia mdogo, miguu juu, ameinamia daftari, anaurefusha mwale. Mkono ulimchoka Bi Mgeni, lakini hakuushusha.