Kanga na Usafiri wa Afisa

Kanga hakuwa wa kufumbia macho uonevu. Alipomwona Ngiri akimtwisha mawe Punda mwenye vidonda mgongoni, alikwenda moja kwa moja kwa Kiboko, afisa wa ustawi wa wanyama.

"Nitakuja kukagua," alisema Kiboko, "ila ofisi haina usafiri. Mlalamikaji ndiye anayeleta."

Kanga alihangaika kutwa, akampata mnyama mmoja tu wa kumbeba afisa. Kiboko alimpanda, wakajikongoja hadi kwa Ngiri.

"Haya, yuko wapi huyo Punda?"

"Umemkalia, mheshimiwa," alijibu Kanga.

Kiboko aliinama, akaviona vidonda, akasikitika kweli. Bila kushuka, akafungua daftari.

"Ukatili gani huu? Nani kanipandisha juu ya mgonjwa?"

Ngiri akamwonyesha Kanga.

Jioni hiyo hiyo Kanga alipelekwa rumande, kwa usafiri ule ule.