Chai ya Kumnyamazisha Mtoto

Mama mkwe alifinyanga kidonge cha afyuni, kidogo kama punje ya dengu, akakikoroga kwenye chai ya mwanangu.

"Kelele zake zinakuchelewesha," alisema. "Mpe alale, zulia liishe."

Nami alinianzishia hivyo hivyo, wiki niliyoolewa: "Kunywa, mkwe, utasahau uchovu." Miaka tisa nikamfumia mazulia nikiwa maiti inayopumua. Leo nina siku sitini sijaigusa afyuni.

Nilipokea bakuli la chai hiyo. Harufu ilinijaza mate mdomoni, chai ikaanza kunimwagikia vidoleni.

Tazegul aliona. Yeye na wenzake watatu, wanawake niliotapika nao wodini tukiacha afyuni, huja kila asubuhi kufuma nami. Aliweka chini kisu chake cha kukatia nyuzi, akanishika kiwiko mpaka mkono ukatulia. Wengine nao wakaacha kufuma.

Mwanangu bado alikuwa analia, kwa nguvu, kama mtoto mzima wa afya.

"Mnaniangalia nini?" mama mkwe aliuliza.

Tazegul alikwenda kusimama mlangoni.

Nililisogeza bakuli mpaka likamgusa mama mkwe mdomo.

"Kunywa, mama," nikamwambia. "Utasahau uchovu."